SMS ya afya ya mtoto: nimeandika saa 2 usiku mtoto hanyonyi, nimejibiwa kesho yake saa 5 asubuhi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kliniki ya kwanza baada ya kujifungua tuliandikishwa kwenye huduma ya ujumbe mfupi. Ukiwa na swali kuhusu mtoto, andika, muuguzi atakujibu "wakati wowote". Hilo neno nimelisikia kwa masikio yangu, na limo kwenye karatasi niliyopewa.

Wiki mbili zilizopita mwanangu, wa wiki 5, alianza kuchemka jioni. Akakataa titi. Nikimpa anageuza uso, analia kidogo halafu kimya, na kile kimya kilinitisha kuliko kilio. Saa 2 usiku nikaandika yote: umri, homa, hajanyonya tangu saa 11. Papo hapo jibu likaingia: "Ujumbe wako umepokelewa. Mhudumu atakujibu hivi punde."

Nikasubiri. Na hapa ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu bila ile namba ningetoka nyumbani saa 2 ileile. Kilichonikalisha kitandani nimekodolea simu macho ni hiyo "hivi punde". Saa 4 nikaandika tena, likaja jibu lilelile neno kwa neno. Mume wangu akasema tuvute subira, wataalamu wameshaona. Hakuna aliyeona! Saa 6 mama mkwe akaamka, akamgusa mtoto, akauliza: "Mnangoja nini?" Tukaondoka.

Hospitalini muuguzi alimfunua kifua akahesabu pumzi dakika nzima, macho kwenye saa. Zilipita 60. Akatueleza kuwa mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa tu, analetwa. Akikataa kunyonya tu, analetwa. Akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, analetwa. Wetu alikuwa na vyote 3. Daktari akauliza mbona tumechelewa, nikamwonyesha simu. Mtoto alilazwa siku 7 za sindano. Sasa ananyonya, namshukuru Mungu.

Jibu la mtaalamu lilinikuta wodini, saa 5 asubuhi: "Hongera kwa kufuatilia afya ya mtoto wako. Hakikisha ananyonya mara kwa mara."

Nilikuwa nimeandika kwamba HANYONYI.

Aliyejibu simlaumu sana. Huenda alishinda na foleni ya kliniki na meseji amezikuta zimerundikana. Watu lazima walale. Nawalaumu walioweka jibu la mashine linaloahidi mtu ambaye hayupo. Kwa maswali ya chanjo, kitovu, upele, hata mama anayeona maziwa hayatoki, huduma hii ina faida na mimi mwenyewe ilishanisaidia. Ila usiku inageuka mtego. Uingereza wana huduma ambazo wazazi huwaandikia wauguzi wa watoto saa za kazi tu. Ukiandika nje ya saa hizo, jibu la mashine linakuambia wazi na kukuelekeza pa kupata msaada. Hakuna mtaalamu wa ziada anayehitajika hapo. Ni maneno tu!

SMS moja inabeba herufi 160. Nimekaa nikawaandikia:

"Hatusomi ujumbe usiku. Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua haraka, mpeleke hospitali sasa. Usisubiri jibu."

Ni herufi 155 pamoja na nafasi. Imenichukua robo saa, na mtoto nimempakata.

Malalamiko nimeshayapeleka kwa maandishi pamoja na huo ujumbe. Mpaka leo jibu la mashine halijabadilishwa, nimelihakikisha jana usiku. Wazazi wenzangu mlioandikishwa kwenye huduma za namna hii, naomba mweke hapa mliandika saa ngapi, mkajibiwa saa ngapi, na lile jibu la kwanza lilisema nini. Ficheni majina na namba. Naandika barua ya pili na sitaki iende na kisa changu peke yake.