Tupeane uzoefu: pesa kwenye kura za maoni na kampeni, wewe uliona nini?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa waliowahi kutia nia, kuwa wajumbe wa kura za maoni (zile za kuteua wagombea ndani ya chama), mawakala au wapambe. Tusimulie tuliyoyaona kwa macho, bila kutaja jina la mtu.

Tulikotoka tunakujua. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima: mgombea akikirimu watu kwa nia njema, haikuhesabiwa rushwa. Mashirika ya kutetea haki yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikafutwa kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na kitu. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, yenye ukomo wa matumizi, taarifa za fedha kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na makatazo yanayogusa hata uteuzi ndani ya chama. Nimeisoma, ni sheria nzuri. Ninachotaka tujadili ni hali yake ikifika kwenye kata.

Naanza mimi. Nilitia nia ya udiwani, hoja yangu kubwa ikiwa maji ya shule ya msingi. Mjumbe mmoja mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, wenzako wameshapita. Wewe umetuandalia nini?" Nikamweleza habari ya kisima. Akaniombea dua, akaingia ndani. Kura zilipohesabiwa nilikuwa wa mwisho, na mpaka leo watoto wale wanabeba ndoo kutoka mtoni. Hilo ndilo linaloniuma.

Mchangiaji, Iringa
Nimekuwa mjumbe. Hela haiji mchana. Mnaitwa nyumbani kwa mtu, simu zinakusanywa mlangoni, kisha mnaambiwa ni "nauli". Siku hizi inatumwa kwa simu, tena kwa namba ya mkeo au ya kijana wako. TAKUKURU, hao wa kuzuia rushwa, wataanzia wapi hapo? Mimi nilikataa. Kesho yake ikaenea kwamba nimeshanunuliwa na upande wa pili, na tangu siku hiyo siitwi hata kwenye vikao halali.

Mchangiaji, Morogoro
Dada zangu wanaotaka kugombea, sikilizeni hili. Tunasema sana rushwa, tunasahau gharama halali. Mawakala wa vituo vyote wanahitaji posho na chakula. Kuna mafuta ya gari, spika, jenereta, mabango. Mimi nilikopa kikoba na kuuza shamba la mpunga, na bado kuna vituo vilikosa wakala wangu. Ukomo wa matumizi unamzuia tajiri asizidishe, lakini hauniongezei mimi chochote. Sheria ambayo haimwezeshi mgombea asiye na fedha imefanya nusu ya kazi. Naomba hapa msinipite haraka.

Mchangiaji, Mwanza
Bodaboda hapa. Msafara wa mgombea ni kujaziwa mafuta na hela kidogo mkononi. Jumatatu msafara wa huyu, Jumanne wa yule, vijana ni walewale. Ukiona umati usidhani ni kura.

Mchangiaji, Kilifi, Kenya
Kwetu sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa 2013. Agosti 2021 tume yetu ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza vikomo, mgombea urais asizidishe shilingi bilioni 4.4. Wabunge wakavipinga, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila vikomo hivyo. Anayetunga sheria ndiye inayembana. Huku mama akipewa leso na pakiti ya unga, anapokea kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Siwezi kumlaumu.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Dada wa Morogoro, nimekuelewa, na naona hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa.

Naongeza moja. Mwaka 2010 CCM iliwapa wanachama wote wenye kadi nafasi ya kupiga kura za maoni. Mwaka 2020 kazi hiyo ikarudi kwa wajumbe wa mikutano mikuu. Hesabu yake iko wazi: wajumbe mia kadhaa wanafikika kwa usiku mmoja, maelfu ya wanachama ni kazi ngumu. Kupanua idadi ya wapiga kura wa ndani hakumalizi rushwa, ila kunaipandisha bei.

Bado namtafuta mtu mmoja: aliyewahi kujaza fomu za gharama za uchaguzi na kuzirudisha. Uliulizwa risiti? Kuna aliyekuja kulinganisha ulichoandika na mabango yaliyokuwa barabarani?