Mfalme wa Ashuru: mtumishi wa mungu au msanii tu?

Mchokonozi: Wadau, kuna jamaa kanibishia kwamba mfalme wa Ashuru, ile dola ya kale kule Iraq ya leo, hakuwa mfalme hasa, alikuwa wakili wa mungu Ashur. Eti siku ya kutawazwa walitangaza "Ashur ndiye mfalme!" Mimi naona usanii mtupu. Unachuna watu ngozi kama mfalme wao Ashurnasirpal, halafu unasema umetumwa. Mnasemaje?

Bi_Mkubwa: Umekurupuka, kaka. Mfalme ndiye alikuwa kuhani wa Ashur. Mfalme Esarhaddon hakuteua hata ofisa bila kumuuliza Shamash, mungu jua, kwa kusomewa maini ya kondoo. Mwezi ukipatwa na ishara ikiwa ya kifo chake, alipisha kiti, akawekwa mtu mwingine mpaka siku 100. Barua zikawa zinamwita mfalme mwenyewe "mkulima". Msanii hajitesi hivyo.

Kapuku: 😂😂 Mfalme kashuka mpaka mkulima! Chini ya hapo hakuna tena.

Shamba_Boy: Hakuna kivipi? Ugali uliokula mchana umeshushiwa na malaika?

Kapuku: Tuliza mshono mkuu, nazungumzia zamani.

Shamba_Boy: Zamani ndiyo kabisa! Lile jeshi lao lilikula nini, mishale?

Mchokonozi: Jamani wakulima... Bi Mkubwa, huyo wa kukaimu aliishia wapi?

Bi_Mkubwa: Aliuawa. Kuna Damqi, mtoto wa mkuu wa hekalu kule Akkad, alikufa pamoja na malkia aliyepewa. Wakazikwa kwa heshima zote.

Mchokonozi: Si ndiyo hayo! Kifo cha mfalme kinapelekwa kwa mtoto wa mwenzio.

Kaka_Sele: Nebukadreza naye alifanya hivyo?

Bi_Mkubwa: Huyo ni wa Babeli, Sele. Soma uzi kwanza.

Mlokole: 2 Wafalme 19, Senakeribu, mfalme wa Ashuru, kauawa na wanawe akiabudu nyumbani mwa mungu wake Nisroki. Mungu wake alikuwa wapi?

Mchokonozi: Asante. Na huyo aliibomoa Babeli mwaka 689 KK. Mwanawe Esarhaddon alipotaka kuijenga upya akaandika kwamba Marduk, mungu wa Babeli, ndiye aliyeukasirikia mji, baba yake hata hatajwi! Adhabu ilikuwa miaka 70, Marduk akazigeuza alama za tarakimu juu chini, ikasomeka 11. Mungu gani huyo anabadilisha hesabu kwa ratiba ya mfalme? Nijibuni hilo.

Bi_Mkubwa: Wewe Mlokole, Yona alipofika Ninawi, mji wa Ashuru, mfalme alivaa magunia akaketi majivuni. Mbona hilo hulisemi?

Mlokole: Hilo nalijua kabla hujazaliwa, dada.

Bi_Mkubwa: Una uhakika gani mimi nina miaka mingapi?

Kapuku: Popcorn ziko wapi 🍿

Shamba_Boy: Kapuku usijifiche. Lile jiwe jeusi la Esarhaddon, lipo British Museum, linaloeleza hiyo hiyo kazi ya kuijenga Babeli, limechongwa plau. Plau, mkuu. Kalitafute, kisha uje utuombe radhi.