Ushauri: kikao cha wasichana Lamu kuhusu mwanamuziki asiyefunga mdomo. Siti, Makeba au Beyoncé?

Leso ya Langoni:
Assalaam aleikum wana jukwaa. Kikundi chetu cha wanawake hapa Langoni kinaandaa kikao cha wasichana wa kidato cha tatu na cha nne, kama thelathini hivi, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, watu wawahi magharibi. Mada ni mwanamuziki wa kike aliyesema yasiyosemwa. Wenzangu wanamtaka Beyoncé kwa kuwa wasichana wanamjua. Mimi navutwa na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja wa zamani, ila nachelea wataona ni mambo ya bibi zao. Miriam Makeba wa Afrika Kusini naye ametajwa. Nimshike yupi, nyimbo ngapi, na nifanyeje mjadala usigeuke mawaidha au umbea wa mavazi? Tuna laptop na spika moja ya bluetooth.

Mpenda Santuri:
Waaleikum salaam. Mshike Siti, na wimbo mmoja tu: Kijiti. Mwanamume aitwaye Kijiti anamuua mwanamke aliyekuja Unguja mgeni, anatoroka, kisha sheria inawageukia wanawake waliotoa ushahidi kwa kisa cha pombe. Siti anamtaja mkosaji kwa jina na kuisuta mahakama, tena enzi za ukoloni. Msichana wa leo hahitaji tafsiri hapo.

Upande mmoja wa santuri za zamani ulibeba kama dakika 3, kwa hiyo mnaweza kuusikiliza mara tatu bila kuchosha: kwanza bila karatasi, pili na maneno mkononi, tatu baada ya mjadala. Maneno yachape makubwa, karatasi moja kwa wasichana wawili. Usiposikia neno, weka nukta, usijaze la kwako. Wasichana wenyewe watabishana ni neno gani, na hapo ndipo masikio hufunguka. Kinachoharibu vikao hivi ni kupiga nyimbo sita na kutojadili hata mmoja.

Fundi Waya:
Mie nasemea spika tu. Rekodi za Siti za 1928 za Bombay hazina besi ya maana. Ukiongeza besi unaongeza mngurumo wa sindano, sauti ya Siti inazama. Kwenye programu ya kuchezea muziki kata masafa ya sauti ya chini ya hezi 100, punguza kidogo juu ya 6,000 ambako mkwaruzo wa santuri umejaa, pandisha kidogo kati ya 1,000 na 3,000. Spika isikae sakafuni wala pembeni mwa ukuta. Iwe juu ya meza, usawa wa kifua. Kama ni nyumba ya mawe, kuta zile za matumbawe na chokaa zinarudisha mwangwi mpaka maneno yanapandana: tandikeni mikeka, tundikeni leso nzito mbili tatu kwenye ukuta unaotazamana na spika. Pakua wimbo mapema, na spika ijae chaji. Umeme hauna adabu.

Binti Mkomani:
Napinga kidogo. Siti peke yake, watamsifu kwa heshima ya wazee na mjadala utakufa. Beyoncé apewe dakika kumi za mwisho: kwenye wimbo wa Flawless wa 2013 aliingiza maneno ya mwandishi wa Nigeria Chimamanda Ngozi Adichie, na 2016 Chimamanda mwenyewe akasema ufeministi wa Beyoncé si wa aina yake. Wasichana wapate ruhusa ya kumpenda mtu na kumkosoa hapo hapo. Makeba mtaje kwa gharama aliyolipa: 1963 alizungumza Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, serikali ya Afrika Kusini ikamvua uraia na kupiga marufuku nyimbo zake.

Kuhusu mavazi, msiikwepe mada, ianzeni nyinyi. Siti alitoka kijiji cha Fumba, binti wa kuuza vyungu, na mahasidi wakamwimbia kuwa alikuja mjini na kaniki na bila sauti asingekuwa na cha kula. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja. Wapeni kejeli na jibu, waulizeni nani leo anaambiwa hivyo mitandaoni.

Ustadhati:
Dadangu, usiulize “je, Siti alikuwa mtetezi wa wanawake?” Utapata “ndiyo” thelathini na kimya. Uliza: nani katajwa kwa jina, nani hakutajwa? Nani aliadhibiwa? Tena wakumbushe kuwa kwenye kikundi chake alikuwa na wanaume, akina Subeti, Budda na Mbaruku. Msimchore kama mtu aliyesimama peke yake.

La muhimu zaidi: Kijiti ni wimbo wa mauaji na udhalilishaji. Waambieni wazazi na wasichana kabla, si baada. Mama mmoja mtulivu akae karibu na mlango kwa atakayetaka kutoka, na nambari za simu za msaada, 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, ziandikwe nyuma ya kila karatasi. Simu ziwekwe kikapuni. Video moja ya binti akilia ikipanda status, kikao cha pili hakuna mzazi atakayeruhusu.

Leso ya Langoni:
Shukrani nyingi. Basi Kijiti, kisha Beyoncé dakika kumi. Kaka zao wanaomba waje pia, mnaonaje?

Ustadhati:
Kikao cha kwanza, hapana. Wakija, wasichana watanong'ona badala ya kusema. Wapangie chao, wimbo ule ule, na uwaulize Kijiti alitorokea kwa nani.