Boila mpya ya presha ya ba 67, tabaini ya zamani ya ba 45, itawezekana?

kijana_wa_boila: Wadau habari za jioni. Niko kiwanda kimoja cha sukari huku Busoga, Uganda, tajiri ameagiza boila mpya ya kutoa mvuke wa ba 67 (bar, kipimo cha presha) nyuzi 500 ila tabaini, ile mashine inayozungushwa na mvuke, anataka tubaki na ile ile ya ba 45 nyuzi 440, anasema tufunge vavu ya kupunguza presha katikati basi yameisha. Naona haikai sawa lakini nashindwa kumweleza. Na kwanza si wangechukua ba 67 na joto lile lile la 440?

mzee_mvuke: Ssebo, hiyo vavu inashusha presha, joto haligusi sana. Mvuke wa 67/500 ukipita hapo unatoka ba 45 na bado una nyuzi 485 na kitu, sasa kesingi (ganda la tabaini) iliyopigiwa hesabu ya 440 ukiipa hiyo kila siku chuma kinaanza kuvutika polepole, boliti zinalegea, rota (mhimili unaozunguka ndani) nayo inachoka. Mtalazimika kuweka spreya ya maji kupooza mvuke, yaani mnachoma makapi ya miwa kupandisha joto halafu mnalimwagia maji.

Nalongo_Jinja: Hilo la 440 nalijibu mimi. Presha ikipanda peke yake mvuke unalowa mapema ndani ya tabaini. Kama mna kondensa (chombo cha kugeuza mvuke uliotumika kuwa maji) ya ba 0.1, kwa 45/440 unafika mwisho na maji kama asilimia 8, kwa 67/440 inakaribia 11, na vile vitone vinapiga bledi (mapanga ya rota) za mwisho kwa kasi ya ajabu, nimeona bledi ukingo wake umekuwa kama msumeno banange! Ndiyo maana presha na joto vinapandishwa pamoja.

kijana_wa_boila: Webale sana. Sasa nimwambie anunue tabaini mpya nzima?

mzee_mvuke: Si lazima. Muulize bei ya tabaini ndogo ya bakipresha, yaani inayotoa mvuke ukiwa bado na presha, inakaa pale pale alipotaka vavu, inakula 67/500 inatema ba 45 na joto karibu na ile 440 yenu, ile ya zamani inaendelea kama kawaida. Mvuke wa tani 60 kwa saa unakupa kama megawati 1.7 za umeme hapo katikati, vavu ingekupa kelele tu.

Nalongo_Jinja: Na maji jamani, kwa ba 67 silika (madini ya mchanga yaliyoyeyuka kwenye maji) inapanda na mvuke, inaganda kwenye bledi. Mtambo wenu wa kusafisha maji ni wa kulainisha tu ama unatoa chumvi zote?