Chembe sahani: friji au joto la chumba?

Baba Neema: Wakuu, mwanangu ana saratani ya damu. Juzi tumeambiwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimepita muda, zimetupwa, tusubiri. Siku 5 tu! Chembe nyekundu zinakaa friji hadi siku 42. Hizi zinashindikana nini? Mimi naona ni uzembe.

Fundi Maabara: Si uzembe. Zinakaa nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa taratibu usiku na mchana. Zikipigwa baridi zinapoteza umbo la sahani, zinaviringana na kuota miiba, na zikiingia mwilini zinaondolewa upesi. Limejulikana tangu 1969. Siku ni chache kwa kuwa joto hilo bakteria nao wanalipenda. Na kabla ya kutuita wazembe: ndugu wa wagonjwa mnajaa dirishani kudai, kitanda cha kuchangia hatuwaoni.

Baba Neema: Mwaka huu nimechangia mara 3. Futa hiyo kauli.

Mama Salma: Sisi tulienda ukoo mzima, watu 11. Mkarudisha 6, eti hawajafika kilo 50, wengine presha. Hao nao hamkuwaona?

Nesi Mstaafu: Jamani, mada. Marekani mwaka 2023 waliruhusu za friji, hadi siku 14.

Kijana wa Mbagala: Si ndiyo hayo! Kumbe inawezekana, tunazungushwa tu.

Fundi Maabara: Waliruhusu kwa anayevuja damu sasa hivi, tena pale za kawaida hazipo au hazifai kwa mazingira. Za baridi zinagandisha vizuri ila hazikai mwilini. Mtoto wa saratani anaongezewa ili asianze kuvuja, anataka zitakazodumu siku kadhaa.

Kijana wa Mbagala: Na mama anayevuja damu baada ya kujifungua, huko wilayani zisikofika kabisa? Huyo hahitaji zidumu wiki.

Nesi Mstaafu: Hapo umesema, mwanangu. Nimeshika mikono ya hao akina mama.

Mama Salma: Mdogo wangu alikuwa na kilo 49 na nusu. Nusu kilo! Alilia njia nzima.

Fundi Maabara: Dada, kile kipimo kinamlinda yeye, asianguke.

Mama Salma: Basi mngemwambia hivyo. Aliambiwa "toka, mwingine".

Baba Neema: La baridi nimelielewa, asante. Kauli bado hujaifuta.

Fundi Maabara: Kwako naifuta. Mtoto ni kundi gani?

Baba Neema: O chanya.