Tupeane uzoefu: uliumwa ukiwa kazini nchi za watu, nani alilipa?

Mkaazi wa Kwahani
Assalaam alaykum wanajamvi. Jana tumechangishana tena msikitini kwa kijana wetu aliyevunjika mguu Doha, na kila mtu anauliza, "Kwani hana bima?" Mlioko Muscat, Dubai, Uingereza, na nyie wageni mnaofanya kazi hapa kwetu Zanzibar, semeni yaliyokukuteni.

Bint Mkoani
Umenitonesha. Mie nilikuwa kazi za ndani, Omani, upande wa Sohar. Tumbo lilinianza usiku, kuliani, nikadhani viporo. Mama mwenye nyumba kanipa panadoli. Asubuhi napiga deki nimejikunja, natapika nyongo. Namwambia nipelekeni hospitali, ananijibu bataka yako, ile kadi ya ukaazi, anayo bwana, na bwana harudi mpaka Alkhamis. Nikatoka vivyo hivyo na dira lililorowa, nikagonga kwa jirani. Kafungua bibi mtu mzima, kanitazama, kanambia kwa Kiswahili cha mjini hasa: "Mwanangu, we wa wapi?" Nililia mie! Kumbe kazaliwa Unguja, kaondoka 1964 msichana.

Ndiye aliyenipakia gari. Hospitali ya binafsi, dirishani karani anataka amana kwanza ndipo nipasuliwe. Bibi akavua bangili zake za dhahabu, akaziweka pale juu ya kaunta, akasema maneno ya Kiarabu sikuyafahamu, ila yule karani aliinamisha uso. Kidole tumbo kilikuwa kishapasuka. Kafili, yaani yule bwana aliyenidhamini viza, alipokuja, neno lake la mwanzo: nani kakuruhusu kutoka?

Ngalawa
Hapo kwenye bataka ndipo penyewe.

Pweza Mkavu
Bangili je, alirudishiwa?

Mzee wa Michenzani
Poleni, lakini tuseme kweli. Watu wanaondoka na viza ya matembezi, kwa dalali wa mtaani, halafu wanalia bima.

Bint Mkoani
Mzee wangu, shikamoo, lakini mie nilikuwa na mkataba, umeandikwa matibabu ni juu ya muajiri. Huo mkataba ungenibeba mgongoni?

Ngalawa
Mzee kapatikana leo 😂

Fundi AC, Ajman
Huku Falme za Kiarabu tangu Januari 2025 hata emirati za kaskazini bima ni lazima, mpaka kwa wa kazi za ndani. Ile ya chini ni dirhamu 320 kwa mwaka na anayelipa ni muajiri. Akikukata kwenye mshahara, kashtaki. Ukilazwa unachangia asilimia 20, haizidi dirhamu 500 kwa mara moja. Lakini angalia orodha ya hospitali kabla hujaumwa. Mwenzangu kapelekwa isiyomo, kaambiwa kadi yako nzuri ila si ya hapa.

Pweza Mkavu
Jamani bangili!

Mlezi wa Wazee, Coventry
Uingereza unatozwa ada ya matibabu wakati wa kuomba viza, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Sisi wenye viza ya kazi za afya na ulezi tumesamehewa. Baada ya hapo hospitali haikuulizi pesa, itakuuliza subira tu.

Mzee wa Michenzani
Dawa ni kuweka akiba yako mwenyewe. Bima ni kulisha makampuni.

Fundi AC, Ajman
Akiba ipi mzee, na huko nyumbani kila wiki mnatuma "nikumbuke"?

Kaskazi, Paje
Na wageni wa hapa je? Ile bima ya dola 44 iliyoanza 1 Oktoba 2024 ni ya mgeni anayeingia nchini, mwisho siku 92. Kuna bosi huku anawaambia waajiriwa wake wa kigeni inatosha. Mtaliana wetu anayefundisha kupiga mbizi kaanguka na vespa njia ya Jozani, zile siku zishapita. Kalipa mfukoni, tena bei ya mgeni. Kafili wa Paje huyo, hana kanzu tu.

Mkaazi wa Kwahani
Tusitajane biashara za watu hapa.

Kaskazi, Paje
Nimemtaja nani?

Bint Mkoani
Pweza, alirudishiwa. Kafili alilipa baada ya wanawe yule bibi kwenda kumkalia barazani, wanaume watatu, hawataki kahawa wala halua.

Pweza Mkavu
Alhamdulillahi. Sasa nitalala.

Mpemba wa Jeddah
Swali: bima zenu zinalipa meno? Gego langu linanitoa roho toka Ijumaa.

Mlezi wa Wazee, Coventry
Uliza wakala wako, nyingi za bei ya chini haziligusi jino mpaka livimbe.

Ngalawa
Mpemba gani huna karafuu ndani?