MREJESHO: Punda wangu na joto la Dodoma

Wadau, niliuliza namna ya kuwapunguzia joto punda wangu wawili wa kubeba maji. Huku Chamwino, Oktoba na Novemba kabla ya mvua jua ni kali mno, na yule jike alikuwa anahema kwa nguvu hata akiwa amesimama tu.

Asanteni sana. Kilichosaidia kuliko vyote ni kummwagia maji. Wazee walinionya kwamba maji ya baridi yatamkaza misuli, lakini daktari wa mifugo alisema nimwagie mwili mzima, nirudie mpaka pumzi itulie, kwa sababu maji yakikaa kwenye manyoya yanapata moto. Nimeona kwa macho yangu, anatulia kabisa, hasa upepo ukivuma.

Bati la banda nimelifunika kwa nyasi, ila mchana wenyewe wanapenda chini ya mwarobaini, nimewaachia. Jiwe la chumvi wanalilamba, maji ya kunywa hayakauki. Safari ni alfajiri na jioni. Wateja wa mchana watasubiri, mnyama kwanza.

Sasa jike ana mimba. Punda hubeba karibu mwaka mzima. Ninyi mnampumzisha kazi mimba ikifika miezi mingapi?